Glavu ya Luteni Rinzo

...haivuliki, hiyo ndiyo hoja yake, glavu ile haivuliki, na Bwana Ikegaya wa kampuni ya midoli alikuwa amekwisha kusimama, kalamu yake inagonga ukuta palipomulikwa ukurasa wa michoro, tok, tok, tok, kama ndege anayedonoa mti mkavu, huku Tomoe, aliyeketi upande wa dirishani, akiwaza kwamba laiti mtu angeweza kulala macho wazi basi leo angelala fofofo mbele ya wakubwa hawa wote na wangedhani anasikiliza, maana mvua ya Juni ilikuwa imemwingia hadi kwenye soksi, kiyoyozi kinampuliza kisogoni, bilauri ya chai ya shayiri waliyomwekea imetoa jasho ikafanya kidimbwi mezani, na yeye hakuwa na nguvu hata ya kukifuta... "Mwalimu Minegishi," akasema Bwana Ikegaya, akimwita Tomoe kwa jina la ukoo na kwa cheo wapewacho wachoraji, kwa ile heshima nene ya mtu anayejiandaa kukunyima kitu, "samahani sana, nisieleweke vibaya, sisi hatupingi mapenzi," na ni kweli, hakuna mtu mezani pale aliyepinga mapenzi, mapenzi yalishaidhinishwa tangu mwaka juzi kwa muhuri mwekundu, kilichopingwa kila mwezi ni mkono, ni bega, ni unywele ulioangukia shavu ambalo katika katuni haukuliangukia, kwa sababu kabla ya manga hii ya mapenzi, hadithi ya picha anayoichora Tomoe, kulikuwa na katuni yenyewe ya runinga, Ngome ya Zohali, majitu ya chuma yanayopigana kwenye pete za sayari, katuni ambayo nusu ya wanaume wa nchi hii walitoka shule mbio kwenda kuitazama, mikoba ikiwapigapiga mgongoni, na sasa wanaume hao wana vitambi na wananunua midoli ya majitu yale wanaipanga juu ya makabati ya vitabu, na hadithi ya Tomoe ni kijitawi tu kilichochipua ubavuni mwa mti huo mkubwa, hakiruhusiwi kuupinda mti hata kidogo, kila anachochora lazima kipenye kwenye nyufa, baina ya tukio moja la katuni na jingine, bila kuhamisha kitu, kama mgeni aliyelazwa kwenye chumba cha watu... Suiko wa jikoni, ambaye katika katuni nzima anapita na sinia la bakuli kisha basi, na Luteni Rinzo, rubani asiye na maneno, anayeondoka na jitu lake kwenda kuzama ndani ya pete asirudi tena, watu wawili ambao hawakuwahi hata kusalimiana kwenye runinga, mpaka mashabiki wakaanza kuulizana, jamani, mbona yule msichana wa sinia alimtazama vile, na maswali yakazaana mpaka yakawafikia wakubwa, na wakubwa wakamtafuta mwanamke anayejua kuchora machozi wakampata Tomoe, mwenye magoti ya mama mtu mzima na plasta za dawa zimejaa kiunoni, ambaye magazeti yote aliyowahi kuyachorea mapenzi ya wanafunzi yalikuwa yameshafungwa... na yeye hata hiyo Ngome ya Zohali hakuwahi kuitazama, mtoto wa kike wa mkoani Akita wakati ule, baba yake akiiweka runinga kwenye mieleka ya sumo na hakuna wa kumwambia kitu, aliyeitazama ni Eiji, mumewe, Eiji ndiye aliyeijua yote kwa moyo. "...kwa sababu glavu na koti la urubani ni kitu kimoja," Bwana Ikegaya alikuwa anaendelea, "vimeungana, hapa kwenye kifundo cha mkono hakuna mkato, mdoli wetu wa Luteni Rinzo hana mkato hapo, sasa mtu akinunua mdoli, akasoma manga, akaona bizimu hapa, ataniuliza mimi, bizimu hii imetoka wapi?" na mhariri wake Tomoe, Tsukioka, kijana wa watu mwenye tai iliyolowa, akacheka kile kicheko chake cha kuomba radhi, "Hehe, kweli, kweli, Bwana Ikegaya, hilo nalo neno," na hapo Tomoe akajua kwamba kwa upande wa Tsukioka vita vimekwisha, bendera nyeupe imeshapandishwa, kilichobaki ni yeye kuinamisha kichwa na kusema sawa, tutarekebisha, kama anavyosema kila mwezi, sawa, tutarekebisha, nywele zihamie shavu la pili, machozi yafutwe kwa sababu tukio linalofuata kwenye katuni macho ya Suiko si mekundu, sawa, sawa, tutarekebisha.

Ila Bi Nagamine hakukubali, Bi Nagamine wa upande wa runinga, mwanamke mwenye miwani mikubwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na simu mbili, yeye akaweka viganja mezani akasema, "Hapana, ngojeni kwanza, mimi huu ukurasa umeniliza, nasema kweli, nilikuwa kwenye treni nikalia mpaka mzee wa jirani akanipa kitambaa, mtazameni huyu Rinzo, kesho anakwenda kufa, sote tunajua anakwenda kufa, anaingia jikoni, Suiko ameshika upawa wa wali, hawaambiani kitu, anavua glavu, anamgusa tu hapa, kwenye kifundo, na huo mkono, jamani, angalieni mistari ya huo mkono, unatetemeka! Sijawahi kuona Mwalimu akichora mkono unaotetemeka hivyo," na watu wote wakageukia ukutani kuuangalia mkono, Tomoe naye akageuka, kwa uvivu, kama mtu anayeangalia saa ya kituo, akiwaza kwamba mkono ule si yeye aliyeuchora, asifiwe kwa lipi, mkono ule ameuchora Eiji... na wazo hilo likapita hivi hivi, wala halikumgusa, kwa sababu kazi yao ilikuwa hivyo siku zote, wanaketi chumba kimoja, wamepeana migongo, yeye anachora watu, Eiji anachora vitu, watu ni wako, chuma ni changu, ndivyo alivyosema Eiji siku ya kwanza kabisa akicheka, majitu, mabomba, milango ya vyombo vya anga, sare, mikanda, hata masufuria ya jiko la Suiko ni ya Eiji, Tomoe anaacha nafasi nyeupe kwenye karatasi anairusha nyuma ya mgongo wake na baada ya muda karatasi inarudi ikiwa na dunia ndani yake... na mwanzoni, loo, mwanzoni mambo yalikuwa mengine, mwanzoni Eiji alikuwa anamhadithia katuni nzima huku anakatakata figili jikoni, anaigiza sauti, anakuwa Rinzo, anakuwa kamanda, anakuwa hata king'ora cha hatari, na Tomoe ameketi juu ya kaunta na miguu yake inaning'inia kama msichana, anauliza, "Sasa huyu Rinzo kwa nini hasemi?" na Eiji akasimamisha kisu hewani akafikiri kwelikweli, akasema, "Anaona akisema atawatia watu wasiwasi," na jibu hilo Tomoe akalichukua likawa ndiyo Rinzo mzima, manga yote imejengwa juu ya jibu la mtu aliyeshika figili... lakini hiyo ilikuwa zamani, kabla ya kila mwezi kuanza kuumeza mwezi mwingine, siku hizi wanazungumza kwa namba za kurasa, "Wa kumi na moja, anga," "Haya," "Wa kumi na mbili, mlango, uwe mzito," "Haya," "Umekula?" "Nimekula," na wakipishana kwenye ujia wa nyumba kila mmoja anajibana ukutani kumpa mwenziwe nafasi kama abiria wasiojuana, halafu yeye anarudi mezani kuchora midomo ya vijana wawili wanaokosa pumzi kwa sababu vidole vyao vimegusana kwenye ukingo wa sinia, na anachora vizuri, anapongezwa, barua zinakuja, Mwalimu umenifanya niamini mapenzi, na yeye anazisoma huku anabandika plasta nyingine kiunoni, amechoka, amechoka na mapenzi kama mwokaji anavyochoka na harufu ya mkate. "...na tena si mkono tu," Bi Nagamine alikuwa anasema, "tazameni huo ukungu, tangu majira ya baridi Mwalimu amekuwa anayazamisha yale majitu kwenye ukungu, unayaona kwa mbali tu, kivuli, taa moja, basi, mashabiki wanasema ni huzuni, wanasema vita vinafutika mapenzi yanabaki, mimi naona ni jambo kubwa sana," na Tsukioka akadakia, "Ndiyo, ndiyo, ukungu umependwa sana, hata kwenye kura za wasomaji," akamgeukia Tomoe akitabasamu, "Mwalimu, wazo la ukungu lilikujiaje?" na Tomoe akafumbua mdomo kusema lolote, kama anavyosema siku zote, nilikuwa natembea mtoni asubuhi, jambo kama hilo, lakini akachukua bilauri akanywa chai, kwa sababu ukweli ni kwamba hakuwa na wazo lolote, ukungu ulianza kurudi kutoka nyuma ya mgongo wake, anaacha nafasi ya jitu la chuma zima, na misumari yake na mikunjo yake, unarudi ukungu, na mara ya kwanza aligeuka akauliza, "Eiji, mbona ukungu?" naye akasema bila kuinua kichwa, "Inapendeza, au?" na ilipendeza kweli, na muda ulikuwa umekwisha, mjumbe wa kuchukua kurasa yuko mlangoni anatikisa mwavuli... Eiji, mtu ambaye angetumia siku nzima kuchora kiungo cha goti la jitu ambalo msomaji atalipita kwa kupepesa jicho, mtu aliyewahi kugombana na Tomoe, kugombana kabisa, wasilale chumba kimoja, kwa sababu ya idadi ya misumari kwenye mlango wa jitu la kamanda, mtu huyo akachora ukungu... akachora ukungu tena... na tena.

Na hapo ndipo alipoutazama ule mkono. Ukutani ulikuwa umekuzwa ukawa mkubwa kuliko mtu, kila mstari mnene kama kamba, na alipokuwa anautia ukurasa kwenye bahasha asubuhi ya kuutuma hakuutazama hivi, asubuhi ile aliona tu kwamba pale alipoacha nafasi ya kuchorwa glavu, Rinzo amguse Suiko akiwa ameivaa kama kanuni zinavyotaka, palikuwa na mkono mtupu, na glavu imelala pembeni juu ya meza ya jikoni, imefunguliwa, akasema, "Umebadilisha?" na Eiji akasema, "Ilikuwa inanikera, wakubwa wakikasirika tutairudisha," na yeye akapiga miayo, akasema haya, akaifunga bahasha... Haya! Alisema haya! Eiji, ambaye anaijua Ngome ya Zohali kuliko huyu Ikegaya na midoli yake yote, ambaye hawezi kusahau kwamba glavu ya rubani imeshonewa kwenye koti, hawezi, hata aamshwe usingizini atakwambia, Eiji huyo akakaa chini akachora glavu inayovulika, akaitia bizimu kwa makusudi, na akachora mkono wa mtu, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kuchora hata kidole, watu ni wako... na bizimu ile, Bwana Ikegaya ameizungushia duara la wino mwekundu na bado anaigonga, tok, tok, "imetoka wapi, ndilo swali langu, imetoka wapi," bizimu ndogo ya mraba, yenye mkanda mweusi mpana unaopita chini ya kidole gumba, na Tomoe akasikia ubaridi umeshuka kutoka kisogoni hadi miguuni, na safari hii haukuwa wa kiyoyozi, kwa sababu alijua imetoka wapi, aliiona, iliwahi kuning'inia kwenye kamba ya nguo barazani kwao kati ya soksi na taulo, kitu cheusi cha kufungia kifundo cha mkono, kama vile wanavyotoa mahospitalini, akauliza, "Hiki nini?" na Eiji akakitwaa haraka akasema, "Cha kuzuia jasho, nimeanza kukimbia asubuhi," na yeye akacheka, akasema, "Wewe, ukimbie?" maana Eiji hajawahi kukimbia hata kuwahi treni, akacheka akarudi mezani kwake, na kitu kile hakukiona tena, kilikuwa hakianikwi barazani tena, kilianikwa wapi? ndani ya kabati? bafuni nyuma ya mlango?... na kijiko, kwa nini Eiji anakula wali kwa kijiko siku hizi, alisema vijiti vinamchosha na yeye akadhani ni utani wa mtu anayezeeka, na figili, tangu lini figili hazikatwi nyumbani mle, wanakula vyakula vya tayari vya dukani, vya vibakuli vya plastiki, na yeye alishukuru, alishukuru kwamba kuna vyombo vichache vya kuosha, na vifuniko, "Tomoe, hebu nifungulie hiki," akimletea chupa ya achari huku anaigiza kunyong'onyea, "wewe una nguvu za watu wa Akita," naye anaifungua bila kuinua macho kwenye karatasi, anamrudishia, mara ngapi amemfungulia vifuniko mwaka huu... na mkono ukutani, sasa aliuona mzima, kucha zilizokatwa fupi kuliko inavyofaa, na lile kovu la wembe wa kukatia karatasi kwenye shina la kidole gumba, kovu la mwaka waliooana, yeye ndiye aliyelifunga kwa kitambaa cha jikoni na Eiji anasema sio kitu, sio kitu, damu inatiririka na anasema sio kitu... huyo si Rinzo, Rinzo hana kovu, mkono ule ni wa Eiji, ameuchora mkono wake mwenyewe, ameuweka mezani mbele yake akauchora kwa mkono huo huo, na mistari inatetemeka kwa sababu mkono wenyewe ulikuwa unatetemeka, Bi Nagamine amelia kwenye treni kwa sababu ya mistari ambayo mtu alishindwa kuinyoosha, na ukungu, ukungu ni majitu ambayo mkono haukuweza tena kuyachora, msumari kwa msumari, akayafunika, na watu wakapiga kura wakasema ni uzuri, na mke wake mwenyewe, aliyeketi mgongo kwa mgongo naye umbali wa kusikia pumzi, akasema haya, akasema umekula, akasema ukurasa wa kumi na mbili, mlango, uwe mzito.

"Mzee Hatanaka, wewe unaonaje?" mtu aliuliza, na mwongozaji wa zamani wa katuni ile, ambaye walikuwa wanamleta kila kikao na kumweka mwisho wa meza na mto mgongoni, akafumbua macho akasema, "Kuhusu nini?" na Tsukioka akamweleza taratibu, glavu, mkato, bizimu, na mzee akawaza kidogo akasema, "Glavu zilikuwa hazina bizimu kwa sababu tulikuwa tunachelewa, bizimu ni mistari mingi kuichora kila picha, nikawaambia vijana fungeni kote," kisha akaomba sukari, na Bwana Ikegaya akakohoa akasema kwamba hata hivyo, vyovyote ilivyotokea, sasa ndiyo kanuni, na Tomoe akamwona mzee anakoroga chai yake na hakusikia hata hamu ya kucheka, alikuwa kwenye mlango wa nyumbani kwake, asubuhi ya leo, ameinama anavaa viatu vyake vya mvua, na Eiji amesimama nyuma yake na nywele zimesimama upande mmoja, anasema, "Tomoe, hivi ukiambiwa leo ndiyo mwisho, tusichore tena, utaumia sana?" na yeye akidhani anaulizwa juu ya kikao, juu ya Ikegaya, akavuta kiatu akajibu, "Niumie nini? Nitalala wiki nzima, usiniamshe," na Eiji akacheka, alicheka kweli, akasema, "Kule Tottori, shambani kwa kaka yangu Kosaku, mapeasi yanavikwa mifuko ya karatasi mtini mwezi huu, anatafuta watu," na yeye akasema, "Watu wenye migongo mizima," na akanyoosha mkono, na Eiji akampa mwavuli... kwa mkono wa kushoto, mwili wake wote umejipinda ili ampe kwa mkono wa kushoto, na wa kulia uko nyuma, na Tomoe akasema, "Kwaheri, kuna supu kwenye friji," akaondoka, akashuka ngazi, hakugeuka, kwa nini ageuke, alikuwa anawaza Suiko ashike upawa au asishike... mtu anasimama mlangoni na maneno yote kinywani na wewe unamwambia kuna supu... na angekuwa Suiko, angekuwa ni ukurasa, angejua mara moja, angechora jicho linavyohama kutoka mwavuli hadi bega hadi mkono uliofichwa, angempa msomaji kurasa mbili nzima za kimya, anajua, ndiyo kazi yake hiyo, ndiyo kazi pekee anayoijua, kuona mtu anaficha nini... na akasikia hasira, si kwa Eiji, ingawa kwa Eiji pia, mjinga yule, mjinga mkubwa, alidhani atafichia wapi, nyumba yenyewe vyumba viwili, na kwa nini anifiche mimi... na jibu likaja papo hapo kwa sauti yake, na kisu hewani, anaona akisema atawatia watu wasiwasi... lakini pia alikuwa anajua, bila kuambiwa, kwamba si hilo peke yake, kwamba Eiji alitaka na yeye mwenyewe afike mwisho, afike na Rinzo mpaka kwenye pete, kijana yule aliyetoka shule mbio, ambaye manga yake mwenyewe ya majitu ilirudishwa na kila gazeti la mjini, ambaye alifungua bahasha ya kazi hii ya Tomoe akaona jina la Ngome ya Zohali akaketi sakafuni kwenye ujia na viatu miguuni... hakutaka kuwa yeye wa kuisimamisha, akaona bora achore ukungu. "Mwalimu?" Tsukioka alikuwa amemwinamia, ananong'ona, "Mwalimu, tuseme tunaiondoa? Glavu irudi, mkono uwe ndani ya glavu, hadithi haibadiliki, si ndiyo?" na Tomoe akasikia neno linatoka, dogo, limekauka, "Hapana," na Tsukioka akasema, "Eti?" na Tomoe akasema tena, safari hii wote wakasikia, "Hapana. Ibaki," na meza ikageuka, hata Mzee Hatanaka akaacha kukoroga, kwa sababu Mwalimu Minegishi ni mtu wa sawa tutarekebisha, anasifiwa kwa hilo, ni rahisi kufanya naye kazi, na Bwana Ikegaya, bila hasira, kwa mshangao wa kweli, akasema, "Basi Mwalimu atueleze, Rinzo anavua glavu kwa nini?" na Tomoe akatazama ukutani. "Mkono unamuuma," akasema. Bwana Ikegaya akapekua makaratasi yake. "Kwenye katuni hakuna mahali pameandikwa kwamba mkono unamuuma." "Hakumwambia mtu," akasema Tomoe, "tangu majira ya baridi unamuuma na hakumwambia mtu, na huyo msichana yuko naye hapo hapo kila siku na hakuona, ndiyo maana anavua, anachoka kuficha, anataka auone," na Bi Nagamine akasema polepole, "Jamani," akavua miwani, akaanza kuandika kwa kasi, unamuuma, tangu majira ya baridi, "lakini hili zuri sana, Mwalimu, hili kwa nini hukutuambia mapema?" na Bwana Ikegaya akasema kwamba zuri ni zuri lakini mkono unaouma si jambo dogo, rubani wa mkono unaouma angezuiwa kuruka, hapo sasa ndiyo tunaugusa mti wenyewe, itabidi hata wale wanaotengeneza michezo ya kompyuta ya katuni hii waulizwe, na Bi Nagamine akasema waulizwe tu, yeye atawajibu, na sauti zao zikapandana tena mmoja juu ya mwingine kama zilivyokuwa, kalamu ikarudi ukutani, tok, tok, mvua kwenye kioo, Tsukioka anafuta shingo kwa leso, na Tomoe alikuwa ameketi pale pale, amelowa vile vile, na uchovu ulikuwepo, haukuondoka, ila sasa aliutambua, kama unavyoutambua mzigo pale unapogundua kwamba ulikuwa umebebwa na watu wawili na upande wa pili ndio uliokuwa mzito... atatoka hapa, iwe wamekubali au wamekataa, ukurasa huu ni wa mwisho mkono ule kuuchora, majitu yaliyobaki atayachora yeye, vibaya, kama masanduku, watu wacheke, au Rinzo aruke bila jitu, au hadithi iishie jikoni upawa ukiwa hewani, sijui, hilo litajulikana, atapanda treni, atafika mlangoni na Eiji atakuwa ameketi na kiti chake kimegeukia ukuta, na yeye hatasema wa kumi na tatu, hatasema umekula, atasema, "Eiji, geuka. Nipe huo mkono," na Eiji atasema... na akili yake, kwa mazoea, ikawa imeshaanza kumtungia, atasema sio kitu, atasema umejuaje, atafanya mzaha wa nguvu za Akita, atalia, sentensi zilikuwa zinakuja zimekwisha kunyooshwa, tayari kwa wino, naye akazizuia, moja moja, zote, akakaa nazo mbali, kwa sababu huenda atasema daktari alishamwambia neno baya, huenda atasema twende Tottori kesho, huenda atasema nilikuonyesha mara ngapi wewe mwanamke, na hilo litakuwa haki yake, hajui, katika miaka yote hii ni mara ya kwanza kwamba kweli hajui mume wake atasema nini, na kutojua huko kulimfanya akae wima kwenye kiti, moyo unamdunda, mtu mzima kama yeye, huku Bwana Ikegaya akisema, "Haya, tuanze tena basi, hapa, kwenye kifundo..."